Fundi wa Barani Ajibu: Kwangu Linamisi, kwa Fundi Limepona

*Fundi, assalamu aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Gongoni. Nina Nissan Sunny B14 ya mwaka 1997, namba ya KAS, gia otomatiki, injini ya GA15. Nililinunua mkononi mwa mtu 2011 na sasa limefika kilomita 241,000 na ushei. Sijawahi kulitesa.*

*Tangu mfungo wa Ramadhani uliopita limeanza kumisi. Nikisimama, iwe ni kwenye matuta ya Mambrui au kwenye msongamano wa mjini Malindi, injini inatetemeka: duk, duk-duk, duk, kama mtu mwenye homa ya baridi. Usukani unatikisika, vioo vya pembeni vinatikisika, na mara mbili limezima kabisa. Nikiondoka tu, limepona. Napita daraja la Sabaki na kasi ya 80, hata ungeweka gilasi ya maji juu ya dashibodi isingemwagika. Na kuna siku linakwenda kutwa nzima bila kosa.*

*Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Wa pili akasema ni pampu ya mafuta, nikanunua. Wa tatu, kijana, alikuja na kimashine cha kuunganisha na simu ili asome kompyuta ya gari. Akatafuta pa kukichomeka hakupapata, basi akaosha injekta. Jumla nimetoa Sh 23,800. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kila nikifika gereji na boneti ikafunguliwa, injini inanguruma vizuri, mfano wa mtoto aliyelia usiku kucha, akifikishwa kwa daktari anacheka. Fundi wa pili aliniangalia kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Mke wangu naye ana lake: anasema gari linanichukia mimi, maana yeye akibaki ndani kunisubiri nikiingia dukani, injini ikinguruma, halimisi hata mara moja.*

*Nitaje na mengine, ingawa sidhani yanahusika: kiyoyozi kilikufa zamani, taa ya injini haijawahi kuwaka, na mafuta ya breki naongeza kidogo kila mwezi ingawa sioni yanapovuja. Nifanyeje, ama niliuze?*

Mwalimu, Gongoni

Mwalimu, waaleikumu salamu. Usiliuze. Na yale maneno ya mama yaweke karibu, nitayarudia, kwa sababu katika barua yako nzima hakuna sentensi iliyonisaidia kama ile.

Kwanza niwaweke sawa wasomaji wasiokaa gereji. Silensa nitakayoitaja hapa si ile ya eksozi. Sisi mafundi tukisema gari liko kwenye silensa, tuna maana injini inanguruma yenyewe, hujakanyaga mafuta. Na kumisi ni silinda kuruka zamu yake. Injini ya Mwalimu ina silinda nne, na zamu zao ni 1, 3, 4, 2, kisha zinaanza upya. Ikizunguka mara 750 kwa dakika, moto unawaka mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kila sekunde. Mwili wa binadamu hauwezi kuzihesabu, lakini moja ikikosekana mgongo wako unajua.

Sasa, barua hii inasema jambo moja zito ambalo mafundi watatu waliliruka. Gari linamisi likiwa limesimama, na likiwa na kasi ni zima. Moto wa plagi ukiwa dhaifu, mara nyingi mambo huwa kinyume: gari hulalamika pale linapobebeshwa kazi, ukipanda mlima au ukikanyaga mafuta ghafla, kwa sababu hapo silinda imejaa na cheche inapata shida kuruka. Pampu ya mafuta nayo ikichoka, utaijua barabarani, gari linakosa nguvu linapotaka mafuta mengi. Kwenye silensa injini inakunywa kidogo sana, hata pampu mgonjwa huitosheleza. Kwa hiyo hizo pesa za pampu, Mwalimu, pole. Pampu ilihukumiwa bila kesi.

Ugonjwa unaoonekana kwenye silensa na kupotea kwa kasi hunipeleka kwanza kwenye hewa. Mafuta hayakanyagwi, mlango wa hewa umefungwa karibu wote, na pistoni zinavuta kwa nguvu kama mtu anayenyonya madafu kwa mrija uliozibwa. Ukifunga geji ya kuvuta kwenye menifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda), injini yenye afya huku kwetu pwani husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. (Ndugu zetu wa Nairobi, walio juu kama mita 1,700, wapunguze kama inchi 5, wasije wakafungua injini nzima kwa bure.) Penye mvuto huo, ufa mwembamba kwenye mpira unapitisha hewa ambayo ni sehemu kubwa ya ile inayohitajika. Gari likikimbia, mlango umefunguka, hewa inaingia kwa wingi, na ufa uleule unakuwa si kitu.

Na gari hili lina tabia ya kuhesabu hewa yake. Kwenye njia ya kuingilia kuna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta hutazama umeme unaohitajika kuurudishia joto, ikajua hewa kiasi gani imeingia, ikatoa petroli inayolingana: kama sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Hewa inayopenya nyuma ya waya huo haijaandikwa kwenye daftari. Petroli inatolewa ya watu wanne, wageni wamefika sita. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, cheche inaruka vizuri tu, lakini hakuna kinachoshika moto.

Kuhusu yule kijana na kimashine chake, asionewe. Hakuwa na pa kukichomeka kwa sababu Nissan za Japani za umri huo zina soketi ya pini 14, na vimashine vya simu vinataka ya pini 16. Hata angepata, kompyuta ya zama hizo haihesabu kumisi. Taa ya injini kutowaka si ushahidi wa uzima.

Haya yote yalinipa mtaa, nyumba bado. Nikampigia Mwalimu simu, nikamuuliza maswali matatu. La kwanza: siku zile ambazo gari halimisi kutwa, huwa umekwenda wapi? Akafikiri, akasema ni siku za shambani, upande wa Marafa. Nikamuuliza kuna matuta mangapi njiani. Akacheka, hakuna. La pili: ukifika gereji unafanyaje? Akasema natia gia ya P, navuta breki ya mkono, nashuka nimfungulie fundi boneti. La tatu: ukiwa umesimama kwenye matuta au mjini, mguu wako uko wapi?

Akanyamaza. Halafu akasema, "Juu ya breki, fundi. Uwe wapi tena?"

Basi, mama alikuwa amekwisha kusema. Yeye hukaa kiti cha abiria, gari liko kwenye P, hakuna mguu juu ya breki. Halimisi. Fundi naye hufungua boneti wakati dereva ameshashuka. Halimisi. Gari halimchukii Mwalimu, linachukia mguu wake.

Lakini hapo pia kuna mtego, na nakiri mimi mwenyewe niliwahi kuuingia. Miaka ya nyuma nilimbadilishia bwana mmoja distribyuta nzima (kile kifaa kinachogawia plagi umeme) kwa sababu gari lake lilitetemeka akisimama na gia ndani, kumbe ni raba ya kushikilia injini iliyokatika. Gari la otomatiki likiwa kwenye D na limezuiwa kwa breki, injini inabeba mzigo wa gia. Silensa inashuka kidogo, na ugonjwa wowote mdogo unajitokeza. Tena ukikanyaga breki, taa za nyuma zinawaka, umeme unavutwa. Kwa hiyo mguu juu ya breki si jambo moja, ni mambo matatu yanayotokea pamoja: gia, taa na breki yenyewe. Kazi ya fundi ni kuyatenganisha.

Jumamosi akaja gereji kwangu, Barani. Sikufungua boneti. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, naye nikamketisha pembeni, injini tukaiacha ipate moto sawasawa. P, mguu chini: imetulia. Nikawasha taa kubwa na feni kwa pamoja: ikashuka kidogo kisha ikajirudisha, haikumisi. Umeme ukatoka kwenye orodha. Tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, breki ya mkono juu, nikatia D bila kukanyaga breki, na hakuna mtu aliyesimama mbele ya gari. (Hili msilijaribu nyumbani peke yenu, gari la otomatiki likiruka mawe halikuombi radhi.) Silensa ikashuka kidogo, ikatulia. Gia nayo ikatoka. Nikarudi P, nikakanyaga breki.

Sekunde moja, mbili. Duk. Duk-duk. Mwalimu akanishika bega, "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, fundi!" Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kusikia gari lake linaumwa.

Na tukiwa hapo ndani, tulisikia kitu ambacho nje hakisikiki: mlio wa *ssss* mwembamba chini ya dashibodi, pale fimbo ya pedali inapoingia ukutani. Mwalimu alikuwa akiusikia tangu mfungo na alidhani ni redio.

Kwa wasiokijua kifaa chenyewe: nyuma ya masta silinda ya breki (pampu inayosukuma mafuta ya breki), upande wa dereva, kuna kitu cha bati cheusi, kama sufuria mbili zilizofunikana. Hiyo ndiyo busta. Ndani yake kuna ngozi ya mpira inayoigawa vyumba viwili, na mpira mnene unatoka hapo kwenda kwenye menifoldi ya injini. Injini inanyonya hewa ya vyumba vyote. Ukikanyaga breki, kilango kidogo kinaingiza hewa ya nje kwenye chumba cha nyuma, hewa inaisukuma ile ngozi, na ngozi inakusaidia kusukuma breki. Ndiyo sababu pedali ni laini injini ikiwaka na ni ngumu ikizimwa. Ngozi ikiwa na tundu, hewa ile haikomei chumba cha nyuma: inapita tunduni, inafuata mpira, inaingia menifoldi bila kuhesabiwa. Na inaingia wakati mmoja tu, mguu unapokuwa juu ya breki.

Kuthibitisha, nilifunga geji. P, mguu chini, inchi 19. Mguu juu, ikaporomoka hadi 13, sindano ikicheza. Kisha nikaubana ule mpira wa busta kwa koleo lililofungwa kitambaa, nikamwambia Mwalimu akanyage. Pedali ngumu kama jiwe, injini imetulia kabisa. Nikauachia, duk-duk ikarudi. Mpira huo ubanwe kwa dakika moja ya kupima tu. Kuendesha ukiwa umebanwa ni kuendesha bila msaada wa breki.

Nilichomoa pia soketi za injekta moja baada ya nyingine, ili nione kama kuna silinda iliyo mvivu. Mguu ukiwa chini, kila nikichomoa moja injini ilishuka kwa kiasi kilekile. Zote nne zinafanya kazi. Ningekuta mojawapo nikiichomoa injini haijali, ningeacha mambo ya busta nikaifuata silinda hiyo. Taabu hii ilikuwa ya nyumba nzima.

Sasa mafuta ya breki, Mwalimu, yale uliyoyataja mwishoni ukidhani hayahusiki. Yalikuwa yakivuja, lakini ndani. Raba ya nyuma ya masta silinda ilikuwa imechoka, mafuta yakateleza kuingia kwenye busta, ambako hakuna jicho linalofika. Mafuta ya breki yanalainisha mpira ambao haukutengenezwa kwa ajili yake, na ngozi ya busta ni wa namna hiyo. Dalili ilikuwa nje kwa mwenye kutazama: chini ya masta, rangi nyeusi ya busta ilikuwa imebambuka na bati limeshika kutu, kwa sababu mafuta hayo hula rangi. Tulipoifungua tulikuta mafuta ya kujaa kijiko na zaidi, na ngozi imevimba, ina mpasuko wa urefu wa kidole gumba pembeni. Midomo ya mpasuko ule ilikuwa ikifunga na kufunguka kulingana na jinsi mguu ulivyokanyaga, ndiyo maana kuna kituo gari lilimisi na kingine halikumisi.

Si lawama kwa aliyelitengeneza. Mpira uliozaliwa 1997 una haki ya kuchoka.

Na hapa naomba niwe mkali. Kumisi kunaudhi, lakini busta iliyopasuka ni jambo la breki. Mpasuko ukikua, siku moja pedali itakuwa ngumu ghafla, mbele yako kuna bodaboda. Kila mwenye gari la zamani anaweza kupima nyumbani bila spana. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa, halafu washa injini: pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, busta au mpira wake una kasoro. Kisha, injini ikiwa inawaka, kanyaga, shikilia, zima injini, hesabu sekunde 30: pedali isisogee. Ikikuinua mguu, mvuto unavuja.

Matengenezo. Busta tulipata eksi-Japani kutoka Mombasa kwa Sh 5,500. Kabla ya kuifunga niliipima kwa mdomo na mpira, kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu busta ya dukani nayo ina umri wake. Nililinganisha pia urefu wa fimbo inayosukuma masta. Ikizidi kidogo tu, breki hazitaachia vizuri na magurudumu yatachemka. Masta silinda sikukubali kuitia raba mpya. Mwalimu alitaka, ni nafuu, lakini niliifungua nikamwonyesha kwa tochi: ukuta wa ndani una vishimo vya kutu, raba mpya ingeliwa ndani ya mwezi, na busta mpya ingefuata. Tukaweka masta nzima, tukatoa hewa kwenye breki magurudumu yote manne, tukabadilisha pia kivalvu cha plastiki kilicho katikati ya mpira wa busta. Kesho yake Mwalimu alisimama kwenye kila tuta la Mambrui kwa makusudi. Aliniambia watu walidhani anatafuta anwani.

Wasomaji wengine, msije mkakimbilia kununua busta. Kumisi kwenye silensa kuna baba wengi. Kama kwako hakujali mguu, tazama haya.

Kama ni asubuhi tu, hasa baada ya usiku wa umande au mvua, nenda kwenye nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Sisi wa mwambao, na zaidi nyinyi wa Gongoni na Marereni mnaoishi kando ya mashamba ya chumvi, hewa yenyewe inapitisha umeme. Ngoja usiku, zima taa za ua, washa injini, nyunyizia nyaya maji membamba kwa chupa ya kunyunyizia nguo. Zikiwa mbovu utaona vicheche vya buluu vinatembea kama vimulimuli. Ni pazuri kutazama, lakini usiguse.

Kama ni injini ikishapata moto, na baridi haimisi, nafasi za valvu zipimwe. Valvu huzama zaidi ndani ya kiti chake kadiri kinavyolika, nafasi inakwisha, na ikipata moto haifungi sawasawa. Kazi hii mafundi wengi hawaipendi kwa sababu inataka subira na filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), na mteja haoni kilichobadilishwa. Mteja mlipe fundi huyo.

Kama ni silinda moja ileile kila wakati, badilishana: plagi ya silinda mgonjwa iende kwa nzima, kisha waya, kisha injekta, kimoja kwa wakati. Ugonjwa ukihama na kifaa, umemkamata. Ukibaki palepale, pima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Rafiki yangu mmoja hushika kipande cha karatasi nyuma ya eksozi (zamani tulitumia mfuko wa plastiki, tangu ipigwe marufuku 2017 hatuna). Karatasi ikinyonywa ndani kwa mpigo uleule ulio sawa, shaka yake inakwenda kwenye valvu. Ikicheza ovyo bila mpangilio, anaanza na hewa na moto.

Na ufa wa hewa kwenye menifoldi msiutafute kwa kumwagia petroli. Nimeona ikifanywa, na mimi nilipokuwa kijana niliifanya. Inafanya kazi vizuri sana, silensa inapanda pale petroli inapoingia ufani. Mpaka siku cheche inaporuka kwenye waya mbovu. Nyusi zangu ziliota tena baada ya miezi miwili. Mkono wa kushoto bado una alama. Maji ya sabuni yanatosha. Palipo na ufa povu hunyonywa, na mara nyingine injini inabadilisha sauti.

*Fundi, mimi ni wa Kisumu Ndogo. Gari langu lilikuwa linatetemeka nikisimama. Fundi wangu alikaza skrubu ya silensa, sasa halitetemeki tena, lakini linavuta mbele sana nikitia D. Je, limepona?*

Halijapona. Silensa imepandishwa mpaka ugonjwa hausikiki. Mwambie airudishe ilipokuwa, mtetemo urudi, ndipo atafute chanzo. Na mpaka siku hiyo, usimwache mtoto asimame mbele ya gari hilo.

*Bwana Fundi, nakaa Faza, na pikapu yangu naiacha Mokowe. Kuna wakati hupita miezi miwili au mitatu sijavuka. Nikirudi huwaka kwa shida, humisi kwa dakika kumi hivi kwenye silensa, halafu hukaa sawa mpaka safari iishe. Mara ijayo, vilevile. Nibadilishe nini?*

Ndugu yangu, usibadilishe kitu kwanza. Pikapu yako haina ugonjwa wa kuendeshwa, ina ugonjwa wa kuachwa. Petroli ikikaa miezi, sehemu zake nyepesi zinazoshika moto haraka zinaruka, inabaki ile nzito. Injini baridi haiipendi. Ukiacha tangi nusu, hewa ya bahari iliyo juu ya petroli huacha maji usiku, maji yanazama chini, na ndiko pampu inakonyonya. Kabla ya kupanda boti, jaza tangi. Chomoa waya wa negativu wa betri, na ukirudi usiurudishe kabla hujaisugua nguzo ya betri na pale waya wa ardhi unapofungwa kwenye bodi. Chumvi ya Mokowe hufanya ukungu wa kijani pale, na umeme hafifu kwenye silensa unatosha kuleta kumisi. Kama kuna kijana unayemwamini pale gatini, mlipe awe anawasha mara moja kila wiki mbili. Lakini aendeshe mpaka injini ipate moto kabisa, hata akienda Hindi na kurudi. Kuwasha dakika mbili na kuzima kunajaza maji eksozi na kuchafua plagi, bora asiwashe.

Na ufungue boneti kabla ya kuwasha, utazame kama panya hawajala nyaya. Pikapu ya mwisho niliyoitazama huko Mokowe ilikuwa na kiota juu ya kava ya valvu, kimetandikwa pamba ya kiti cha dereva.